Leso Zilizotoka Kando ya Mto Sosiani



Wasomaji wetu watukufu, hasa mama zetu na dada zetu mliotuuliza mbona ukurasa huu ulikosekana kwa wiki mbili, twawaomba radhi. Tulikuwa safarini Eldoret. Hatukwenda kwa mawaidha wala kwa harusi. Tulitumwa na jamaa. Walikaa kikao nyumbani kwa kaka yetu mkubwa wakakubaliana ya kwamba mama yetu mdogo, ambaye amepita miaka sabini na ni mjane, hafai kuendelea kuishi peke yake katika mji wa baridi, kilomita karibu 800 kutoka kwao. Na kwa kuwa sisi ndio wenye ndevu na maneno mengi, tukachaguliwa twende tukamrudishe. Tulipewa nauli ya kwenda mtu mmoja na ya kurudi watu wawili.

Mama mdogo alikwenda Eldoret mwaka 1979, bi harusi wa miezi mitatu, akimfuata mumewe aliyepata kazi katika mojawapo ya viwanda vya nguo vya mji huo. Mwajiri wake hatumtaji, kwa kuwa makala haya hayakukusudiwa kudai wala kulaumu. Alitoka Mombasa na sanduku la mbao, mbuzi ya kukunia nazi, na buibui jepesi la Pwani. Hakuna aliyemwambia ya kuwa mji huo umekaa zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, na kwamba mwezi wa Julai mtu huamka akaona pumzi zake mwenyewe.

Eldoret kwa asili yake ni mji wa mto. Jina lenyewe limetokana na neno la Kimaasai lenye maana ya mto wa mawe, likatiwa mwisho wa Kikalenjin, nao mji ukapewa jina hilo mwaka 1912. Makaburu walikuwa wamekwisha kufika katika uwanda ule mwaka 1908 na magari yao ya kukokotwa na ng'ombe, na posta ikasimamishwa mwaka 1910 katika shamba nambari 64, ambayo ni nambari inayotumika hadi leo kuwa jina la utani la mji. Wenyeji hupenda kusimulia kwamba kasha la chuma la benki liliposhushwa garini lilianguka, likawa zito kiasi cha kutoweza kunyanyuliwa tena, basi wakajenga benki kulizunguka pale pale lilipoanguka. Hatuapi juu ya kisa hicho. Reli ilifika mwaka 1924, na kwa reli hiyo mji ukaunganishwa na bandari yetu.

Mto wenyewe ni Sosiani. Huanza katika vilima vya misitu upande wa mashariki, hukata katikati ya mji, kisha huelekea magharibi kujiunga na Kipkaren, na maji yake huishia katika mto Nzoia na Ziwa Viktoria. Si mto mpana. Mtoto mwenye mkono mzuri hurusha jiwe likafika ng'ambo. Lakini viwanda havihitaji mto mpana, vyahitaji maji yasiyokatika, na nguo hasa haitengenezwi pasipo maji mengi.

Baada ya uhuru, Serikali ilipendelea viwanda visirundikane Nairobi na Mombasa peke yake, na Eldoret ikapata fungu lake. Kilikuwako tangu zamani kiwanda cha kukamua dawa ya kutengenezea ngozi kutoka maganda ya miti ya miwati. Vikaja vya maziwa, vya unga, cha wanga wa mahindi, vya mablanketi na sweta, na mwaka 1975 kikaanzishwa Rift Valley Textiles, ambacho watu wote wakijua kwa jina la Rivatex. Mji uliokuwa na watu 18,000 hivi katika hesabu ya mwaka 1969 ukapita 50,000 katika hesabu ya 1979. Walikuja Waluhya wa Mumias ambao Uislamu kwao ni wa tangu babu zao, wakaja Wajaluo, Wakikuyu, Wakisii, mafundi wa Kihindi, wafanyabiashara wa Kisomali, na wachache kutoka kwetu Pwani. Wakaishi mlango kwa mlango na Wakalenjin wenyeji wa nchi. Mama mdogo asema wakati huo mtaa wake ulikuwa na saa mbili: adhana, na king'ora cha kiwanda. Wanaume wa zamu ya usiku walikuwa wakirudi alfajiri huku wa zamu ya asubuhi wakitoka, basi wakikutana mlangoni mwa msikiti, hawa wakiwa na usingizi machoni na wale wakiwa na maji ya udhu usoni.

Hapa twaomba akina mama mtusikilize kidogo, kwa kuwa jambo tutakalolieleza mmelifunga viunoni miaka yote na huenda hamkuambiwa lafanywaje.

Pamba huingia kiwandani ikiwa marobota. Hufunguliwa, hupigwa vumbi, huchanwa kwa mashine zenye meno hadi iwe kama utambi mnene mlaini, kisha husokotwa kuwa uzi. Nyuzi za urefu, yaani mtande, hupakwa wanga ili zisikatike, na nyuzi za mshindio hupitishwa baina yake kwa kasi ambayo jicho haliwezi kuifuata. Nguo hutoka ikiwa na rangi kama ya maziwa yaliyolala. Huoshwa ule wanga, hupaushwa, huoshwa tena, ndipo hupelekwa kuchapwa. Kila rangi ina silinda yake. Leso ya rangi tatu hupita chini ya silinda tatu, moja baada ya nyingine, na silinda moja ikitangulia au ikichelewa kwa upana wa ukucha, pindo huingia ndani ya mji wa leso, ua hutoka nje ya mstari wake, na jina huonekana kama limeandikwa mara mbili na mtu mwenye mkono wa kutetemeka.

Kazi ya marehemu mjomba wetu, Mola amrehemu, ilikuwa ni kusimama mbele ya mashine hiyo akitazama. Saa nane kwa siku, miaka kumi na tisa, akitazama pindo. Alipokuwa akija Mombasa kwa likizo hakuweza kukaa katika harusi kwa raha, maana akina mama wakipita na leso zao jicho lake lilikuwa likifuata mapindo, hata mara moja akakaribia kugombezwa na mume wa mtu, mpaka ikaelezwa ya kuwa mzee huyu ni fundi, si mtazamaji wa wake za watu.

Vitambaa vilivyotoka na kilema viliuzwa kwa wafanyakazi kwa bei ya chini, na hivyo ndivyo nyumba yetu ilivyovaa. Mama yetu mzazi alikuwa na leso ya kijani ambayo pindo lake lilipotoka upande mmoja. Alitubebea ndani yake sisi na wadogo zetu wawili. Hatukujua kwamba ina kilema mpaka tulipokuwa wakubwa, maana kwetu leso ndiyo hiyo.

Pamba yenyewe haikuwa ngeni. Ililimwa Nyanza na Magharibi, ikalimwa bonde la Kerio lililo chini ya Eldoret, ikalimwa na kwetu Pwani: Hola na Bura kando ya mto Tana, na Lamu upande wa Mpeketoni. Mwaonaje safari hiyo? Pamba iliyochumwa Kenya, ikafumwa na kuchapwa Kenya, ikarudi kufungwa kiunoni mwa mama aliyeko Kenya. Hata majina ya leso yana asili ya karibu. Utaratibu wa kuandika maneno ya Kiswahili juu ya leso, wengi humpa sifa zake mfanyabiashara wa Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, ambaye duka lake lilifunguliwa mwaka 1887 na ambaye leso zake mwazijua kwa alama ya Mali ya Abdulla.

Kisha miaka ya 1990 ikaja na mambo yake. Mipaka ya biashara ilifunguliwa, nguo za nje zikaingia kwa bei ambayo mfumaji wa hapa hakuiweza, na mitumba ikajaa masoko yote kuanzia Kongowea hadi mpakani Malaba. Mkulima wa pamba akacheleweshewa malipo yake, akang'oa pamba akapanda mahindi. Kiwanda cha pamba cha Kisumu kikafungwa. Rivatex ikawekwa chini ya warasimu mwaka 1998, na muda si mrefu mashine zikanyamaza. Tusije tukasema kwamba sababu ilikuwa mitumba tu, kama isemwavyo barazani. Kulikuwa na madeni, mashine zilizochakaa, umeme ghali, na uongozi ambao mali ya umma kwao haikuwa amana. Lakini mwenye kutia chumvi katika mchuzi wa wengi hujulikana kwa shida, na aliyekosa chakula ni yule yule mfanyakazi.

Mjomba akarudi nyumbani siku hiyo saa tano mchana. Mama mdogo asema hakuuliza kitu. Alijua kwa sababu king'ora hakikulia.

Walikuwa na watoto wanne, wawili wakiwa sekondari. Majirani wengi walifunga mizigo wakarudi makwao. Wengine walibaki wakauza vitu vya ndani kimoja baada ya kingine: kwanza redio, kisha makochi, kisha mabati ya jikoni. Mjomba alikaa kitandani wiki tatu uso umeelekea ukuta. Mwanamume aliyezoea kutazama hakuwa na cha kutazama. Mama mdogo akamwachia siku zake, lakini asubuhi ya siku ya kumi akaweka karai jikoni.

Mahamri si jambo jepesi Eldoret. Kwetu mtu hukanda unga saa nne usiku, na kabla ya alfajiri umeumuka wenyewe kwa joto la Mwenyezi Mungu. Kule unga hulala kama jiwe. Alijaribu siku tatu, akatoa vitu vigumu ambavyo hata mbwa, asema, walivisogeza kwa pua wakaviacha. Ndipo akalikumbuka blanketi, lile zito la sufi lililotengenezwa katika mji ule ule. Akalifunika beseni, akaliweka karibu na jiko lenye majivu ya moto, akalala hapo hapo chini. Unga ukaumuka. Nazi ilikuwa ghali, ikitoka kwetu kwa lori, hivyo mbaazi akazipika kwa maziwa, ambayo nchi ile inayo kama maji. Sisi tulipozionja tulinyamaza kwa adabu. Lakini wateja wake hawajapata kula nyingine, nao wazisifu.

Kwa mahamri hayo alisomesha watoto wanne. Tulipomuuliza aliwezaje, alituonyesha daftari la zamani la madeni: fulani mahamri sita, mwalimu wa Kalenjin ishirini, fundi wa gereji kumi, na mbele ya majina mengine alama ya msalaba mdogo. Tulidhani ni waliofariki. Kumbe ni wale aliowasamehe.

Lipo jambo moja ambalo tulilisikia kwa mara ya kwanza safari hii, na tumefikiri sana kama tuliandike. Mwajua yaliyotokea mwanzoni mwa mwaka 2008 baada ya uchaguzi, na mwajua ya kwamba Eldoret ndipo moto ulipokuwa mkali. Tarehe 1 Januari, huko Kiambaa, pembeni mwa mji, kanisa lilichomwa moto na watu wamo ndani, wengi wao wanawake na watoto. Usiku wa siku hiyo mke wa jirani, wa kabila lililokuwa likisakwa, aligonga mlango wa mama mdogo na binti zake wawili. Mjomba, aliyekuwa mgonjwa wa kifua wakati huo, alinyanyuka akafungua. Waliwavika mabuibui na mitandio, wakawaketisha juu ya mkeka pamoja na binti wa nyumba, na vijana walipokuja kupekua wakawakuta wanawake sita wa Kiislamu wamejifunika, na mzee akisoma Yasini kwa sauti. Kijana mmoja alimulika kurunzi usoni mwa kila mmoja. Mama mdogo asema mdogo wa wale wasichana alikuwa amelivaa buibui nyuma mbele. Yule kijana aliona. Alikuwa mteja wake wa kila asubuhi. Akazima kurunzi akasema, "Shikamoo mama, hapa hakuna kitu," wakatoka.

Walikaa siku kumi na moja. Tulimuuliza kwa nini hakutwambia miaka yote hii. Akajibu, "Mngekuja kunichukua."

Mwaka wa kabla ya hayo, 2007, Chuo Kikuu cha Moi, ambacho kipo huko huko tangu 1984, kilikuwa kimeinunua Rivatex. Kwa muda mrefu kilikwenda kwa kujikokota, wanafunzi wakijifunzia juu ya mashine za umri wa baba zao. Baadaye kwa mkopo kutoka Serikali ya India zikaletwa mashine mpya, na Juni 2019 Rais Uhuru Kenyatta akakizindua upya. Mwaka uliofuata, ulipokuja ugonjwa wa korona, kiwanda hicho kilikuwa kikishona barakoa. Mjomba hakuifikia siku ya uzinduzi. Alifariki mwaka 2011. Hata baada ya uzinduzi matatizo ya kiwanda hayakwisha, na leso nyingi tunazonunua madukani leo bado ukigeuza ukingo wake utakuta jina la nchi nyingine. Tazameni wenyewe, ziko kabatini mwenu.

Tulikwenda na mama mdogo hadi kando ya mto siku moja kabla ya safari. Mji umekua mno. Hesabu ya 2019 ilikuta watu 475,716, na Agosti 2024 ukatangazwa kuwa jiji. Wanariadha wake wajulikana duniani kote, na asubuhi wawaona wakipita mbio kwa makundi, wembamba kama nyuzi, wala hawahemi pale ambapo sisi tulihema kwa kupanda ngazi. Lakini mto wenyewe umechoka. Maji ni ya rangi ya udongo, ukingo una mifuko na matairi. Mama mdogo alituonyesha jiwe kubwa ambalo mjomba alikuwa akiwaketisha watoto wa madrasa siku za Jumapili akiwasomesha mlango wa maji katika Safina. Watoto wa Pwani husomeshwa mlango huo kwa kata na mtungi. Wa kwake waliusoma kwa Sosiani. Akichota maji kwenye kopo, akitia rangi ya nguo tone moja, akiuliza: maji haya yafaa kwa udhu? Haya je, kwa matone kumi? Maji yaliyobadilishwa sana na kitu tohara hubaki kuwa tohara lakini hayatoharishi, na hakuna mtoto wake aliyewahi kuisahau kanuni hiyo, maana waliiona kwa macho. Kisha alikuwa akiwaonyesha takataka zilizokuwa zikielea mtoni na kusema, "Na hayo yanayopita, msiniulize mimi, waulizeni wakubwa wa mji."

Ama ule ujumbe tuliotumwa, tuliufikisha usiku ule baada ya Isha. Tulieleza yote tuliyopangiwa: chumba kimekwisha kupakwa rangi, wajukuu wako karibu, daktari yuko mtaa wa pili, na kwamba kuwasiliana na jamaa ni wajibu wetu kwake. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono ikiwa ndani ya unga.

"Mwanangu," akasema, "mmenifikiria, Mungu awalipe. Lakini nikija huko nitawekwa kitini nitazamwe. Hapa nikichelewa kufungua dirisha saa kumi na mbili watu wanagonga kuuliza kama mama anaumwa."

Tukamwambia, "Na siku ukiumwa kweli, mama?"

"Watagonga."

Tukataja kwamba jamaa wangependa azikwe kwao, karibu na wazazi wake. Akaacha kukanda. Akasema mume wake yuko pale, na kwamba Jumamosi ana wasichana kumi na wanne wa Juzuu Amma, wawili kati yao ni wajukuu wa yule jirani wa 2008, ambao si Waislamu lakini huja kukaa nyuma kusikiliza kwa sababu ya mahamri, naye hajapata kuwafukuza. Kisha akatuuliza sisi, tuliosoma miaka kumi na sita chuoni, kama tunayo hoja ya kumjibu. Tulikuwa na hoja. Tuliiacha.

Asubuhi alitusindikiza hadi kituo cha basi, akatupa furushi lililofungwa kwa kitambaa. Tulikuwa na viti viwili vilivyokwisha kulipwa. Kondakta akauliza mwenye kiti cha dirishani yuko wapi, tukamwambia ni mama yetu, naye haji. Akasema basi atakiuza Nakuru, tukamwambia sawa. Hadi Nakuru tukaliweka lile furushi juu ya kiti. Ndani yake mlikuwa na mahamri ishirini, bado ya moto, na doti moja ya leso ya buluu ambayo haijakatwa wala kupindwa, iliyokaa sandukuni kwake tangu miaka ya kiwanda. Mke wetu aliitandaza kitandani tulipofika, akaikagua pembe hadi pembe. Akasema hakuona kilema popote.